Mwulize Ndugu Zake Walikwenda Wapi

Nina saiba ndogo hapa Malindi, si mbali na ofisi ya chifu, na kinachoniletea riziki si intaneti tena. Ni mashine ya fotokopi. Wazee wanakuja na vitambulisho vyao vilivyofungwa kwenye ncha ya leso au kwenye mfuko wa plastiki, kwa ajili ya Inua Jamii, zile shilingi 2,000 kwa mwezi ambazo serikali huwapa waliovuka miaka 70. Ukivitoa kopi kwa wingi, jambo moja linaanza kukuchokonoa. Wazee wetu wamezaliwa 1930, 1935, 1940 na 1945. Mwaka 1937 kina mama walipumzika. Mwaka 1943 nao, uchungu wa uzazi haukusikika popote kuanzia Mambrui hadi Gede.

Wataalamu wa takwimu za watu wanalijua sana jambo hili, na wana kipimo chake, kipimo cha Whipple, ambacho hutazama ni watu wangapi kupita kiasi wametaja umri unaoishia na sifuri au tano. Hakuna aliyedanganya. Usajili wa lazima wa vizazi ulienea Kenya nzima mwaka 1971, na wanawake walianza kupewa vitambulisho mwishoni mwa muongo huo. Bibi aliyezaliwa kabla ya vita vikuu vya pili alifika mbele ya karani akiwa na wajukuu tayari. Karani akamtazama uso, akatazama foleni iliyokuwa nyuma yake, akaandika mwaka ulio mwepesi kuandika.

Nimeanza na karatasi kwa sababu kwa muda sasa nimezama kwenye tafiti za watu wanaofika miaka mia wakiwa bado na akili zao na miguu yao. Chanzo ni bibi yangu mdogo, yaani mdogo wake nyanya aliyemzaa mama. Anaishi Shela, Shela yetu ya Malindi wala si ile ya Lamu. Jamaa wote wanakubaliana kwamba ana miaka mia na ushei, ila huo ushei hutegemea anayesimulia: kwa wajukuu ni kumi, kwa vitukuu umeshafika ishirini. Anakwenda msalani bila kushikwa, anajua nani kamwoa nani, na akikuona na simu mpya anauliza bei. Kila mgeni anayeletwa kumsalimia, akishambusu mkono, humuuliza swali lile lile: bibi, siri yako ni nini?

Swali hilo silipendi, na nataka nieleze kwa nini.

Kwanza, miaka yenyewe. Katika miaka ya 1970 dunia ilivutwa na kijiji kiitwacho Vilcabamba, huko Ecuador, ambako ilisemekana wazee wa miaka 120 na zaidi wanalima kama vijana. Watafiti walipozipekua rejista za ubatizo na za vifo waligundua kwamba watu wa kule wakishafika sabini hivi huanza kujiongezea, na katika wale waliodai mia waliochunguzwa hakuna hata mmoja aliyekuwa ameifikisha. Japani, nchi tunayoiona ya watu makini, mwaka 2010 maofisa wa Tokyo walitaka kumpongeza mwanamume aliyeandikwa kuwa mkubwa kuliko wanaume wote wa jiji, miaka 111. Wakamkuta kitandani, mifupa, amekufa miaka thelathini hivi iliyopita, na pensheni yake ikiendelea kuingia. Wizara ya sheria ilipopitia daftari za familia ikapata zaidi ya watu 230,000 wa miaka mia na kuendelea ambao hakuna aliyejua waliko. Mtafiti mmoja, Saul Newman, alikwenda mbali zaidi: akaonyesha kwamba kila jimbo la Marekani lilipoanza kutoa vyeti vya kuzaliwa, idadi ya watu wanaodaiwa kufika 110 ilianguka kwa asilimia 69 hadi 82. Cheti cha kuzaliwa kimewaua wazee wengi kule. Kazi hiyo ilimpa mwaka 2024 tuzo ya Ig Nobel, ambayo hutolewa kwa tafiti zinazokuchekesha kwanza kisha zinakufikirisha.

Kwa upande wa pili yuko Jeanne Calment wa mji wa Arles, Ufaransa, aliyezaliwa tarehe 21 Februari 1875 na kufariki tarehe 4 Agosti 1997. Miaka 122 na siku 164. Karatasi zake ni rundo: ubatizo, ndoa, sensa baada ya sensa. Hata hivyo mwaka 2018 watafiti wawili wa Urusi walidai kwamba aliyekufa 1997 alikuwa binti yake, Yvonne, aliyejitwalia jina la mama. Wataalamu waliowahi kukaa na Calment na kumhoji walilipinga dai hilo hoja kwa hoja, na rekodi yake inatambuliwa mpaka leo. Lakini kama mwanamke mwenye karatasi zote hizo anaweza kushtakiwa kuwa ni mwanawe mwenyewe, sisi wa Shela tutasimama na nini?

Tuna matukio. Makarani wa sensa wa Kenya huwa na kalenda ya matukio ya kihistoria kwa ajili ya watu wasiojua mwaka wao. Humuulizi mzee ana miaka mingapi, unamuuliza alikuwa akifanya nini jambo fulani lilipotokea. Kwa upande huu wa pwani vigingi vya kufungia kamba vipo vizuri tu: vita vya Wagiriama na Waingereza vya 1914, vile vya Mekatilili, mafuriko ya 1961, Uhuru wa 1963. Kilicho bora kuliko vyote kwa mtu wa mjini Malindi ni Oktoba 1940, ndege za Italia zilipokuja kuutupia mji mabomu. (Leo Wataliani waliostaafu wamejaa hapa wakiota jua, na vijana wetu wa ufuoni wanawasalimu kwa Kitaliano fasaha. Mambo hubadilika.)

Nikamwendea bibi na kigingi hicho.

"Bibi, Mtaliani alipotupa mabomu, wewe ulikuwa wapi?"

"Ndani."

"Ndani wapi?"

"Ndani, mwanangu. Nilikuwa mwari. Mwari hukaa wapi?"

Akaendelea mwenyewe. Mlio ulipopasuka alitoka mbio hadi njiani, kichwa wazi, mara ya kwanza kuikanyaga njia tangu avunje ungo, na mama yake nyuma anapiga mayowe asijue alie na bomu au alie na binti aliyeonekana na wanaume wa mtaa mzima. Walikwenda mashambani, wakarudi. Muda si mrefu akaozwa.

Sasa fanya hesabu. Msichana aliyewekwa ndani na hajaolewa, zama hizo, ni wa miaka kumi na tatu, kumi na nne, tuseme kumi na tano. Amezaliwa 1925 hadi 1927. Kitambulisho chake kinasema 1915. Nilipomweleza alisonya, akaniambia niwaachie makarani kazi yao. Hata hivyo mtu wa karibu mia mwenye akili timamu ni wa ajabu vya kutosha, na afadhali ajabu yenye ushahidi kuliko ile ya vitukuu.

Turudi kwenye siri. Bibi ukimuuliza atasema ni Mungu, na hapo sina neno. Ukimbana, atasema ni kutokula usiku. Shangazi anayemtunza akisikia hivyo huangua kicheko kule jikoni, kwa sababu ndiye anayempelekea mahamri na chai ya rangi saa tatu za usiku, chai yenye sukari ya kusimamisha kijiko. Tambuu hajaacha, na tumbaku ndani yake. Wenzake wa ng'ambo ni vivyo hivyo. Calment alivuta sigara mpaka alipokaribia 117, na chokoleti hakuiachia. Emma Morano wa Italia, aliyefariki 2017 akiwa na miaka 117, alisifu mayai matatu kwa siku, mawili mabichi, na kule kuachana na mume tangu 1938. Maria Branyas wa Hispania, naye 117, aliyefariki 2024, alikuwa mtu wa mtindi. Ukiwafuata wote utavuta sigara, utamwacha mumeo na utanunua mtindi.

Nir Barzilai wa chuo cha tiba cha Albert Einstein, kilichoko Bronx, New York, alilichukulia jambo hili kwa uzito wake. Mwaka 2011 timu yake ilichapisha matokeo ya Wayahudi wa asili ya Ashkenazi 477 waliovuka miaka 95, wakalinganisha mienendo yao ya ujanani na ya watu wa rika lao waliohojiwa miaka ya 1970. Hawakuwa bora. Walivuta, walinenepa, walikaa bila mazoezi, sawa na wenzao waliokwisha kuzikwa. Walichokuwa nacho ni kinga ya kuzaliwa. Timu hiyo ilikuwa imeshagundua kwamba kwao hupatikana zaidi kuliko kwa wengine sura fulani ya jeni iitwayo CETP, inayofanya chembe za kolesteroli katika damu ziwe kubwa na zisizo na madhara sana kwa mishipa. Jeni nyingine zinazotajwa mara kwa mara ni FOXO3, iliyobainika 2008 kwa wanaume wenye asili ya Kijapani wa Honolulu, na APOE, ambayo sura yake ya nne huongeza hatari ya maradhi ya moyo na ya Alzheimer, na hupungua kadiri unavyopanda kwa wazee zaidi.

Kwa maneno mengine, mzee wa miaka mia ndiye mtu wa mwisho wa kumuuliza ale nini mtu wa kawaida. Yeye anaweza kula kibaya na kikampita. Wewe na mimi hakitatupita.

Hapo ndipo wengi huruka na kusema basi, yote ni damu, nipe chipsi. Polepole. Pacha wa Denmark waliozaliwa kati ya 1870 na 1900 walichunguzwa, na urithi ukaonekana kueleza kama robo tu ya tofauti za urefu wa maisha. Mwaka 2018 kundi lililopitia miti ya nasaba ya mamilioni ya watu likashusha zaidi, chini ya asilimia kumi, kwa sababu liliona kwamba hata mashemeji na mawifi, wasio na damu moja, hufanana kwa miaka ya kuishi. Watu huoana na wanaofanana nao, kwa mali, kwa elimu, kwa chakula. (Huku kwetu, ambako binamu humwoa binamu, mtafiti huyo angehitaji kahawa nyingi.)

Mbona basi huku ni asilimia kumi na kwa Barzilai ni jeni tupu? Kwa sababu ni watu tofauti. Ile robo, au ile kumi, ni ya watu wote, wengi wao wakiwa wanakufa kati ya sabini na tisini. Huko mwenendo ndio unaobeba mzigo. Waadventista wa California wanajulikana kwa hilo: hawavuti, wengi hawali nyama, wanafanya mazoezi, na wanaume wao wameonekana kuishi miaka 7.3 zaidi ya Wakalifornia weupe wengine, wanawake 4.4. Nao hawana ukoo mmoja wa ajabu. Lakini ukishapanda kutoka tisini kwenda mia, na kutoka mia kwenda 110, urithi unazidi kuwa mzito. Utafiti wa wazee wa New England, ulioanzishwa na Thomas Perls huko Boston mwaka 1995, ulikuta kwamba kaka wa mtu aliyefika mia ana nafasi mara 17 ya wengine wa rika lake kufika huko, na dada mara 8.

Kaka na dada. Kwa hiyo swali lenye faida kwa bibi yangu si amekula nini. Ni ndugu zake walikwenda wapi.

Utafiti huo wa Boston una jambo jingine ninalolipenda, kwa sababu linahusu afya na si miaka mitupu. Waliwagawa wazee wao makundi matatu: waliougua kabla ya themanini wakaishi nayo, waliougua baada ya themanini, na waliofika mia bila ugonjwa wowote mkubwa wa uzeeni. Hawa wa mwisho walikuwa asilimia 32 ya wanaume na 15 ya wanawake. Wanawake wanafika wengi zaidi wakiwa na maradhi yao, wanaume wanafika wachache ila wazima. Na wale wanaovuka 110 huwa wameyasukuma maradhi yote mpaka kwenye miaka michache ya mwisho. Daktari James Fries alilitabiri hilo mwaka 1980: kwamba ugonjwa unaweza kubanwa ukawa mfupi mwishoni mwa umri. Bibi yangu ni wa kundi lipi? Hana sukari. Presha anayo, vidonge anakunywa akikumbushwa. Mtoto wa jicho alitolewa zamani. Mimi namweka kundi la pili.

Nilipoanza kumuuliza kuhusu ndugu zake, ukurasa ulijaa vifo vya watoto. Mama yao alizaa sana na kuzika sana. Na hapo nikaona tatizo la kuzisoma jeni za Bronx na Honolulu ukiwa Malindi. Kila mzee wa hapa wa miaka tisini amepita kwenye chujio la utotoni lenye matundu madogo mno, na chujio hilo lilikuwa malaria. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na Wellcome Trust ya Uingereza, hapo Kilifi, ni miongoni mwa waliolieleza vizuri kuliko wote duniani. Mtoto aliyerithi jeni ya selimundu kwa mzazi mmoja tu hukingwa dhidi ya malaria kali kwa karibu asilimia 90. Kuna na aina adimu ya damu iitwayo Dantu, ambayo mwaka 2020 walionyesha jinsi inavyokaza utando wa chembe nyekundu mpaka kimelea kinashindwa kupenya. Jeni ya namna hiyo haina maana yoyote kwa mzee wa Boston. Kwa bibi yangu huenda ndiyo iliyoamua kama atafika siku ya kukimbia bomu kichwa wazi.

Tena jeni moja haibebi uzito ule ule kila mahali. Ile sura ya nne ya APOE, inayoogopwa sana Ulaya na Marekani, haikuonekana kuwa na nguvu hiyo kwa wazee wa Kiyoruba wa Ibadan, Nigeria, walipolinganishwa na Wamarekani weusi wa Indianapolis. Ilhali hadi miaka michache iliyopita karibu asilimia 78 ya waliopimwa katika tafiti kubwa za jeni walikuwa wa asili ya Ulaya. Kinachonishangaza ni kwamba wafu wetu wamepimwa. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha vinasaba vya watu 80 wa kale, wakiwemo waliozikwa Manda na Faza huko Lamu, na Mtwapa, ikaonekana kwamba kuanzia mwaka 1000 hivi wanaume waliotoka Uajemi walichanganyika na wanawake wa Kiafrika. Ningefurahi kama walio hai nao wangefikiwa kabla hawajawa wa kale.

Sasa niseme jambo ambalo halimo kwenye maabara yoyote. Ukitoka Malindi mjini ukaingia bara, kuelekea Ganze na Magarini, kuna vijiji ambako mvi ni hatari. Wazee wanaitwa wachawi na wanauawa, mara nyingi na watu wa nyumba zao, na mara nyingi nyuma ya neno uchawi pana shamba la kurithi. Kule Ganze, Kaya Godoma imekuwa kimbilio la wazee waliotishiwa. Mzee mmoja aliyekuja kwangu kutoa kopi alikuwa na nywele nyeusi ti, na mistari ya piko imemshuka hadi sikioni. Nilimtania, mzee unaoa? Hakucheka. Akasema, "Kwetu mvi haziingii msibani, mwanangu. Mtu akifa, wanaangalia nani ana kichwa cheupe."

Ukiandika orodha ya yanayomfikisha mtu mia, andika na hilo. Jeni za dhahabu haziwezi kumkinga mtu na panga. Bibi yangu amezeeka Shela, katika nyumba ambayo akikohoa watu watatu wanainuka, na kila anayempita anamwamkia. Mzee wa piko huenda ana damu bora kuliko yake.

Kuhusu chakula sina mengi. Wazee walikula samaki, mbaazi, mihogo, mchicha, nazi kwa wingi kuliko madaktari wanavyopenda, na walitembea. Sisi tunakula chipsi na kupanda bodaboda kwenda dukani mtaa wa pili. Matokeo yanaonekana kwenye foleni ya kliniki ya presha, na waliomo si wazee, ni wa rika langu.

Ninachofanya kwa sasa ni daftari. Nimelichora mistari: jina, nani kamtangulia na nani kamfuata, alikuwa akifanya nini Mtaliani alipokuja, alikufa lini, alikufa kwa nini. Nalijaza jioni baada ya kufunga saiba, na shangazi hukaa kando kusahihisha. Kaka mkubwa wa bibi alifika themanini na kitu, akafa na pumzi. Dada anayemfuata, ambaye ndiye nyanya yangu, kiharusi. Kuhusu wa tatu hawajakubaliana: bibi anasema ndui, shangazi anasema alisikia kwa mama yake kuwa ni pepo wa baharini, na wote wawili wanataka iandikwe ya kwake. Nimeandika ndui, na pembeni nikaandika pepo, kisha tukaanza kubishana kuhusu wa nne.